Habu ya Nyuma Inalia: Usikimbilie Dukani

Wadogo zangu, leo nina barua moja tu mkononi na nitakaa nayo mpaka mwisho, kwa sababu najua aliyeiandika hayuko peke yake. Ni mdogo wetu wa mkoani Shinyanga. Ana Phoenix aliyoachiwa na baba yake, na kila alfajiri hufunga madumu mawili ya maziwa kwenye keria akayapeleka mjini. Anaandika hivi: "Dada, gurudumu la nyuma limeanza kulia, na nikipanda kilima nahisi linayumba. Fundi aligusa tu akasema habu imekufa, nikanunue nyingine. Nikaenda mjini, nikanunua, nikarudi nayo. Fundi akaitazama akasema hii haifai, matundu yake ni machache. Dukani wamegoma kuipokea. Dada, nimeibiwa?"

Pole sana, mdogo wangu. Hujaibiwa. Uliomba habu ukauziwa habu. Shida ni kwamba ninyi watatu, wewe, fundi na mwenye duka, mlizungumzia habu mwanzo hadi mwisho na hakuna hata mmoja aliyehesabu matundu. Baiskeli hizi kubwa za inchi 28, Phoenix ya China na ndugu zake wa kutoka India, zimefuata mtindo wa Waingereza wa zamani: mbele spoki 32, nyuma spoki 40. Baiskeli nyingi nyingine zina 36 mbele na 36 nyuma. Ukijumlisha, zote mbili zinatumia spoki 72, ndiyo maana mtu anaweza kuzichanganya. Lakini ringi yako ya nyuma ina matundu 40, na habu uliyonunua bila shaka ina 36. Spoki nne hazina pa kushika. Na akitokea mtu wa kukuambia kwamba ataruka matundu manne ili mambo yaende, mkatalie. Gurudumu linalobeba maziwa halirukwi matundu.

Kuna jambo limeniuma kuliko hata hizo pesa. Nimesoma barua yako mara tatu, sijaona mahali ambapo fundi aliifungua ile habu. Aligusa tu. Habu haifi yote kwa siku moja. Ina vipande vyake, na vile vinavyokufa upesi vinauzwa kimoja kimoja. Huenda ulihitaji koni mbili na gololi kumi na nane, basi.

Mimi nimekulia chini ya mwembe wa mjomba wangu aliyekuwa fundi baiskeli, na kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa kuokota gololi zilizoanguka mchangani. Kwa hiyo vumilieni nikiwapeleka ndani ya habu polepole, kwa sababu asiyejua kilichomo ndani atauziwa chochote.

Katikati ya gurudumu inapita ekseli, chuma kirefu chenye hesi, zile thredi za fundi. Juu ya ekseli zimefungwa koni mbili, moja kulia, moja kushoto, zikitazamana. Ndani ya mwili wa habu, kila upande kuna kikombe cha chuma kigumu kilichoshindiliwa humo. Kati ya koni na kikombe ndipo zinapokaa gololi, ndani ya grisi. Nje ya koni kuna washa na nati nyembamba inayoibana koni isitembee. Baada ya hapo ni fremu, na nje kabisa ile nati kubwa unayoijua. Upande wa kulia, juu ya hesi nene ya habu, imefungwa friwili, yaani ile yenye meno ya cheni, inayolia tik tik tik ukiacha kukanyaga.

Sasa tazama keria yako ilipo. Iko juu ya habu ya nyuma moja kwa moja. Vijana waliovusha abiria kwa baiskeli pale Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, ambako ndiko jina bodaboda lilikozaliwa, walimpakia mtu mzima palepale unapofunga madumu yako. Mzigo wote huo unashuka kwenye gololi chache na ekseli nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Upande wa kulia ndio unaoteseka zaidi, kwa sababu friwili imekaa kati ya gololi na fremu, kwa hiyo ekseli ina kipande kirefu upande huo kisichoegemea kitu. Inapinda hapo, na siku moja inakatika hapo. Kampuni ya Shimano ilipotoa habu yake ya kaseti mwaka 1978 ilisogeza gololi za kulia karibu na mwisho wa ekseli, na ugonjwa huo ukapungua sana. Phoenix yako haina habu hiyo. Kwa hiyo ukisikia gurudumu linayumba, usiniulize habu gani ununue. Niulize kwanza kama ekseli bado ni moja au imeshakuwa vipande viwili vinavyoshikiliwa na nati.

Tuanze na kusikiliza, maana masikio hayalipishwi. Panda baiskeli bila mzigo, mahali tambarare, kimya. Kanyaga, kisha acha kukanyaga baiskeli ikiwa inakwenda. Ikiwa mlio unaendelea vilevile, ukikanyaga na usipokanyaga, basi tunazungumzia habu. Ikiwa mlio unakuja tu ukiacha kukanyaga, na si ile tik tik ya kawaida bali ni kukwaruza, hiyo ni friwili, kwa sababu gololi zake ndogo hufanya kazi wakati huo tu. Na ikiwa kinachosikika ni kugonga, mara moja kwa kila mzunguko wa pedeli, na ukiacha kukanyaga kunakuwa kimya, achana kabisa na gurudumu la nyuma. Angalia pedeli, krenki na kotapini. Nimeona akina dada wamebadilishiwa habu nzima kwa sababu ya kotapini iliyolegea. Habu mpya, pesa imekwenda, na kugonga kukabaki palepale.

Mguu kwenda bure ni jambo jingine. Unakanyaga, pedeli inazunguka, baiskeli haiendi, au inashika kwa ghafla mpaka unapiga goti kwenye usukani. Ndani ya friwili kuna vikucha viwili vinavyosukumwa na waya mwembamba kushika meno ya ndani. Vikucha vikiisha, au waya ukikatika, au grisi ikigeuka kuwa gundi, havishiki. Hiyo ni friwili. Habu yako haina kosa.

Ukisharidhika kwamba ni habu, pindua baiskeli ikae kwa siti na usukani. Shika ringi karibu na fremu, isukume kushoto, ivute kulia. Ukihisi inagonga tok tok, gurudumu linacheza. Usiogope bado, kwa sababu kucheza pekee hakumaanishi kitu kimekufa. Huenda koni imelegea tu. Toa gurudumu, shika ncha ya ekseli kwa vidole viwili, izungushe taratibu. Vidole vitakuambia kitu ambacho macho hayakioni. Ekseli nzima inazunguka kama imelala kwenye samli. Yenye uchafu inakwaruza kama ina mchanga. Yenye koni iliyoliwa inakwenda kwa kushtuka, inashika, inaachia, inashika. Tazama na ncha yake: ikiwa inachora duara hewani badala ya kutulia mahali pamoja, imepinda. Ekseli iliyopinda hainyooshwi kwa nyundo, wadogo zangu. Ikinyooka leo, itakatika safarini.

Haya, tufungue. Tandika kitambaa cheupe au weka sinia chini, maana gololi zinakimbia. Anza upande wa kushoto, usio na friwili. Utahitaji spana nyembamba ya kushika koni, na nyingine ya kufungua nati ya kuibana. Spana ya kawaida ni nene, haiingii pale, na fundi asiye na ile nyembamba ataikamata koni kwa koleo mpaka aiharibu. Mwulize kabla hajaanza. Nati ikitoka, toa washa, toa koni, kisha vuta ekseli itokee upande wa kulia, mkono mmoja ukikinga chini.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, ukifute kikauke. Sasa chukua koni uielekeze kwenye mwanga. Utaona mstari unaong'aa kuizunguka, njia ambayo gololi zimepita miaka yote. Mstari laini, sawasawa, unaong'aa kama pete iliyovaliwa siku nyingi, hauna neno. Koni hiyo irudi kazini. Lakini mara nyingi utaona vishimo, mahali ambapo chuma kimebanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Usipoviona, chukua kalamu ya wino, pitisha ncha yake juu ya ule mstari polepole. Ikikwama hata mara moja, koni hiyo imekwisha. Hakuna grisi itakayoiponya, na itazitafuna gololi mpya utakazoiwekea.

Halafu, na hapa ndipo penye hukumu yote, ingiza kalamu hiyohiyo ndani ya kikombe cha habu, kulia na kushoto. Pitisha ncha mzunguko mzima. Ikiteleza bila kukwama, habu yako ni nzima, mdogo wangu, hata kama nje imejaa kutu. Nunua koni na gololi uende zako. Ikikwama, kikombe kimeliwa, na hapo kweli habu imekufa, kwa sababu kwa baiskeli zetu hizi si rahisi kupata vikombe peke yake. Jaribio lote hilo halizidi dakika mbili, na ndilo ambalo hukufanyiwa.

Gololi zenyewe msizihurumie. Ukifungua habu, badilisha zote, hata kama tatu tu ndizo zimepauka. Gololi mpya ni kubwa kidogo kuliko kuukuu iliyosuguliwa, na ukizichanganya, zile mpya chache zitabeba mzigo wa zote. Mwaka 1883, kule Schweinfurt Ujerumani, mtu aliyeitwa Friedrich Fischer alitengeneza mashine ya kusaga gololi za chuma zikatoka za duara kamili na za ukubwa mmoja. Baiskeli zilikuwa na gololi hata kabla ya hapo. James Moore alishinda mbio za Paris hadi Rouen mwaka 1869 akiwa juu ya baiskeli yenye gololi. Lakini usawa ule wa Fischer ndio uliozifanya zidumu. Usiuharibu kwa kuokoa shilingi chache.

Kwa habu nyingi za nyuma, gololi ni za robo inchi, milimita 6.35, tisa kila upande. Za mbele ni ndogo, inchi tatu kwa kumi na sita, milimita 4.76. Dukani zinaweza kukaa kwenye kopo moja. Weka ya kwako ya zamani mezani, uweke na mpya pembeni yake, uzizungushe chini ya kidole pamoja. Kidole kikiinama upande mmoja, si zenyewe.

Sasa tuje dukani, ambako ndiko mlikoumia. Nitasema kwa urefu, kwa sababu mimi mwenyewe nina kovu kwenye goti la kulia.

Nilikuwa mwalimu mpya, shule kilomita saba kutoka nyumbani. Ekseli ya nyuma ikakatika. Nikanunua "ekseli ya nyuma" kwenye duka moja mjini, nati zake zilikuwa zimekufa hesi, nikapita kwa fundi wa njiani akanipa nyingine mbili. Ziliingia kwa vidole, laini kabisa, mpaka nikafurahi. Siku ya tisa au ya kumi napanda kilima na mfuko wa daftari nyuma, nikasikia tak. Cheni ilikuwa imevuta upande wa kulia wa gurudumu mbele, tairi likajikaba kwenye fremu upande wa kushoto, baiskeli ikasimama papo hapo na mimi nikaendelea. Nilipookota daftari za watoto damu ilikuwa inaingia kiatuni. Nikatazama nati ya kulia. Hesi yake ilikuwa imenyolewa, ndani imekuwa laini kama bomba.

Ekseli yangu ilikuwa ya inchi tatu kwa nane, milimita tisa na nusu. Nati zilikuwa za milimita 10. Tofauti ni nusu milimita, kama unene wa ukucha. Na ubaya wake ni huu: hesi za aina hizi mbili zina nafasi karibu sawa, kwa hiyo nati kubwa huingia kwenye ekseli ndogo bila ubishi wowote. Inaingia, lakini haishiki. Ukinigeuzia, nati ya tatu kwa nane kwenye ekseli ya milimita 10, itagoma mwanzoni kabisa, na hiyo ina nafuu kwa sababu inakataa mbele ya macho yako. Tangu siku ile nikikabidhiwa nati huivalisha kwenye ekseli nusu tu, kisha naitikisa. Nati iliyo mahali pake haitikisiki. Ikitikisika, nairudisha hata kama muuzaji anacheka.

Koni nazo ni hivyohivyo, ila zina mambo mengi zaidi. Hesi yake lazima ilingane na ekseli. Mgongo wake, pale gololi zinapopita, lazima uwe na umbo la ile ya zamani, kwa sababu koni nene mno itazibana gololi pembeni mwa kikombe, na nyembamba mno itazama ndani mpaka kifuniko cha vumbi kisugue. Urefu wake nao lazima ulingane, la sivyo gurudumu litasogea upande mmoja wa fremu. Hakuna namba ya kukariri hapa. Nenda na koni ya zamani mfukoni, hata kama imeliwa, uisimamishe kando ya mpya kwenye meza ya duka, uinamishe jicho usawa wa meza, uzilinganishe mabega. Bora zaidi nenda na ekseli nzima na kila kilichokuwa juu yake, vyote vimepangwa kwa mpangilio wake kwenye waya. Muuzaji akiona waya ule atajua anaongea na nani.

Ikiwa kalamu imekwama kwenye kikombe na huna budi kununua habu, basi kabla ya yote toa friwili kwenye habu ya zamani. Nasisitiza: kabla hujakata hata spoki moja. Friwili imejikaza kila siku uliyokanyaga, kwa sababu kukanyaga ndiko kunakoikaza. Kuifungua kunahitaji nguvu kubwa kinyume cha mshale wa saa, na nguvu hiyo unaipata kwa kushika ringi kama usukani wa lori huku chombo cha kutolea friwili kimebanwa kwenye jiliwa. Ukishakata spoki, huna tena cha kushika, na friwili nzima itatupwa pamoja na habu mbovu. Kama fundi hana chombo chake, atatumia tindo na nyundo kwenye yale mapengo ya friwili. Inatoka, lakini mara nyingi inatoka imejeruhiwa.

Habu mpya hesabu matundu, 40 kwa ajili yako. Pima kutoka nati nyembamba ya kushoto hadi ya kulia, zile za ndani ya fremu: hicho ndicho kipimo kinachoingia kwenye fremu. Baiskeli zisizo na gia mara nyingi ni kati ya milimita 110 na 120. Zenye gia za nyuma huwa 126, 130 au 135. Fremu ya chuma inaweza kupanuliwa kidogo, milimita mbili tatu, bila madhara. Fremu ya alumini usijaribu, itapasuka. Angalia pia ukubwa wa zile sahani za pembeni ambamo spoki zinaingia. Zikiwa kubwa au ndogo kuliko za zamani, spoki zako zitakuwa ndefu mno au fupi mno, hata matundu yakiwa 40.

Friwili ina neema moja: hesi yake kwenye baiskeli nyingi ni ileile, inchi 1.375 zenye hesi 24 kwa inchi, kwa hiyo friwili ya kichina huingia kwenye habu ya kihindi vizuri tu. Jihadhari na zile ndogo za meno 14 za baiskeli za BMX, nyingi zina hesi ya milimita 30 na hazitakaa kabisa. Mpya ipake grisi kwenye hesi na uiingize kwa mkono. Ikigoma kabla ya mzunguko mmoja, imeingia upogo. Itoe uanze upya, usiilazimishe kwa cheni.

Na cheni yenyewe ipime kabla hujaivisha friwili mpya. Nyoosha, pima nafasi 24 za pini, yaani kutoka pini ya kwanza hadi ya ishirini na tano. Cheni mpya ni sentimita 30.5. Ikiwa imefika 30.8, imevutika, itaruka juu ya meno mapya na kuyala. Tena cheni ya baiskeli isiyo na gia ni pana, inchi moja kwa nane kwa ndani. Ya gia ni nyembamba, inchi tatu kwa thelathini na mbili. Nyembamba haikai kwenye meno mapana. Pana kwenye meno membamba inakwenda, ina sauti tu.

Wenye baiskeli za mtumba za Kijapani, zile za kikapu mbele, ninyi angalieni kushoto. Nyingi zina breki inayokaa kwenye habu yenyewe, ndani ya kibati cha duara. Habu isiyo na mahali pa kuifunga breki hiyo itawaacha bila breki ya nyuma. Na kama waya wa gia unaingia moja kwa moja kwenye ekseli, gia zimo ndani ya habu. Hiyo mpelekee anayeijua, msiifungue sebuleni. Wenye kaseti, hesabuni meno yenu ya nyuma ni sahani ngapi. Kwa aina ya Shimano iliyoenea, kaseti za sahani 8, 9 na 10 hukaa kwenye mwili mmoja, yaani kile kipande cha habu kinachovishwa kaseti. Ya 7 ni fupi, inahitaji washa ya milimita nne na nusu nyuma yake ili ikae kwenye mwili wa 8. Ya 11 ya baiskeli za barabarani inahitaji mwili mrefu zaidi, haitafunga kwenye wa zamani.

Kurudisha ni kazi ya subira. Jaza grisi kwenye kikombe mpaka gololi zinate zenyewe, panga tisa. Utaona pengo dogo limebaki, ni lake, usilizibe na ya kumi. Koni ya kulia ifunge moja kwa moja na nati yake, ingiza ekseli, kisha koni ya kushoto izungushe kwa vidole mpaka iguse, uirudishe nyuma kidogo sana. Ishike na ile spana nyembamba, kaza nati. Sasa jaribu. Itakuwa imebana, kwa sababu nati huisukuma koni ndani inapokazwa. Legeza, rudisha koni nyuma kidogo tena, kaza, jaribu. Mjomba alikuwa anarudia mara nne, mara tano, bila kunung'unika, na hakuiachia mpaka ekseli izunguke laini na isigonge kabisa ikisukumwa. Mkiona fundi amefanya mara moja akasimama, mwombeni arudie, kwa heshima: "Fundi, samahani, naomba niiguse kidogo kabla hujafunga."

Sasa wewe mwenye maziwa. Ile habu ya matundu 36 usiipake grisi, usiipitishe spoki, isafishe kwa kitambaa kikavu tu. Rudi nayo dukani asubuhi wakati hakuna wateja wengi, na usiombe pesa. Omba kubadilishiwa. Mwambie mwenye duka unataka koni mbili, gololi kumi na nane za robo inchi, cheni kama ya kwako imefika 30.8, na spana ya koni kama anayo. Habu ya 36 atamwuzia mwingine kesho, hana hasara. Kabla hujaondoka nyumbani, pitisha kalamu kwenye vikombe, vyote viwili, na uniandikie kama ilikwama. Na baada ya kufunga, cheni iwe na ulegevu wa sentimita moja hivi katikati, gurudumu likae katikati ya fremu, kisha nenda safari moja bila madumu. Ukirudi, kaza zile nati mbili kubwa za nje tena, kulia kidogo, kushoto kidogo, kwa zamu. Utakuta zimepokea robo mzunguko nyingine.